Dakta Burkitt na Shavu Lililovimba

Kwetu Nachingwea mtoto akivimba shavu, jibu la kwanza ni jino. Anasukutuliwa maji ya chumvi, anapewa Panado, anaambiwa apunguze miwa. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi, na ndiyo maana ni la hatari siku linapokuwa si sahihi.

Nilikuwa darasa la tatu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipovimba shavu la kushoto. Alikuwa na miaka sita. Tukasema jino. Baada ya wiki mbili meno ya upande ule yakaanza kulegea yenyewe, akapelekwa zahanati, likang'olewa moja. Uvimbe haukupungua, tena ukazidi, hadi jicho likaanza kusukumwa nje. Kina bibi wakaanza kunong'ona kwamba ni mambo ya watu. Sasa kwetu sisi Wamwera jambo kubwa la mtoto haliamuliwi bila mjomba, na mjomba alikuwa Lindi mjini akihangaikia malipo ya korosho. Aliporudi akaamua mtoto apelekwe hospitali kubwa. Nauli ikatafutwa, ikapatikana. Yeye hakuisubiri. Tangu shavu lianze kuvimba hadi siku tunamzika, miezi miwili haikutimia.

Miaka ilipita nikiamini kwamba hakuna aliyejua ugonjwa ule. Mwaka wa pili hapa chuoni, kwenye kipindi cha Baiolojia, mhadhiri aliweka ukutani picha ya mtoto mwenye shavu kama la mdogo wangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye kimbweta mpaka kipindi kikaisha. Kumbe ugonjwa una jina. Tena una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa hapa hapa Afrika Mashariki. Jina ni la mtu: Denis Burkitt. Naomba, ndugu msomaji, nikusimulie maisha yake, halafu nitakuambia kwa nini nadhani yanatuhusu sisi walimu watarajiwa kuliko hata wenzetu wa udaktari.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya, na muda wake wa ziada aliutumia kuchunguza ndege wadogo bustanini. Aliwafunga pete miguuni, akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki eneo gani. Ishike hiyo habari ya ramani, tutairudia.

Akiwa na miaka 11, Denis alipigwa na jiwe katika purukushani za watoto. Miwani ikavunjika na jicho la kulia likaharibika moja kwa moja. Mwaka 1929 alianza kusoma uhandisi chuo cha Trinity, Dublin, kama baba yake. Hakufanya vizuri. Wale wenzangu mnaonisoma mkiwa na sapu tatu mezani, jipeni moyo: mtu huyu aliacha uhandisi, akahamia udaktari, akamaliza mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji huko Edinburgh.

Alikuwa Mkristo wa kushika dini kweli kweli, na aliamini ameitwa kufanya kazi ng'ambo. Aliomba kazi katika utumishi wa makoloni, akakataliwa. Sababu ilikuwa lile jicho. Nani atampa daktari wa jicho moja kisu cha kupasulia? Vita ilipopamba moto jeshi halikuchagua sana. Mwaka 1941 akaingia kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, akafika Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na baada ya vita, mwaka 1946, serikali ya kikoloni ikampokea na kumpeleka Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikutana na ugonjwa ambao sisi watu wa mkoa wa Lindi hatuhitaji kuelezwa: mabusha. Aliwapasua wagonjwa wengi, kama ambavyo daktari mwingine yeyote angefanya. Tofauti ni kwamba alimuuliza kila mgonjwa anatoka kijiji gani. Akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi sana, upande wa magharibi yalikuwa machache. Leo tunajua ni kwa sababu ya minyoo inayosambazwa na mbu. Wakati ule yeye alichoona ni kwamba ugonjwa una anwani.

Mwaka 1948 akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita wodi ya watoto amwone mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Usaha hauenei hivyo, na saratani aliyoijua yeye haianzi sehemu nne kwa mpigo. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama nje dirishani, akamwona mama ameketi kwenye majani na mtoto mwenye uso ule ule. Akatoka. Alipompima akakuta taya zimevimba na tumboni pia kuna uvimbe. Mmoja angeweza kuwa ajabu tu ya Mungu. Wawili walimfanya arudi Mulago kufukua mafaili.

Hapa niseme jambo ambalo linaniuma. Ugonjwa haukuwa mpya. Hospitali ya misheni ya Mengo, aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, ilikuwa na kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa taya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mulago penyewe mtaalamu wa maabara, Jack Davies, alikuwa ameona kwamba saratani za aina hii kwa watoto wa Uganda ni nyingi mno. Mama wa watoto hao waliona kabla ya daktari yeyote, na majina yao hakuna aliyeyaweka vitabuni. Kila mtu alishika kipande chake. Taya lilikwenda kwa wa meno, jicho kwa wa macho, tumbo kwa wa tumbo. Burkitt alisema vyote hivi ni ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akaandika hivyo katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala ile haikushtua watu wengi. Baadaye Mmarekani Greg O'Conor alionyesha kwa hadubini kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kutulinda.

Watanzania wengi tunapotaja saratani ya damu tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa lukemia. Limfoma ni ndugu wa lukemia. Chanzo chake ni seli za ukoo ule ule, ila zenyewe hujikusanya zikawa uvimbe.

Basi Burkitt akarudia lile swali la Lira: unatoka wapi? Msaada wake wa kwanza wa utafiti ulikuwa paundi 25. Alichapisha vipeperushi 1,200 vyenye picha za watoto, akavituma hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza kama kuna waliowahi kuwaona watoto wa namna hii. Majibu yalipokuja, kila la ndiyo alilichomeka pini kwenye ramani ukutani. Mtoto wa yule mchora ramani za ndege alikuwa naye ameanza kuchora.

Pini zikajipanga kama mkanda kukatiza katikati ya Afrika, na mkia ukishuka kusini mashariki hadi Msumbiji. Ila mkanda ulikuwa na matundu. Ili kujua kwa nini, tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa paundi 250. Tanganyika walipita wakati inajiandaa kupandisha bendera yake, wakaendelea Nyasaland, Msumbiji, Rhodesia hadi Afrika Kusini. Wiki 10, maili 10,000, hospitali zaidi ya 50. Wanajiografia wenzangu, hii ndiyo fildiweki!

Walichogundua ni kwamba karibu na ikweta uvimbe ule haupatikani juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri unavyokwenda kusini kimo hicho kinashuka. Kumbe kimo chenyewe hakikuwa sababu, ilikuwa ni joto. Pale ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 15 hivi, au mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, watoto walikuwa salama. Joto na mvua ni maskani ya mbu. Wengine wakaunganisha na malaria, na utafiti wa miaka iliyofuata umewapa haki.

Sasa chukua ramani uitazame Nachingwea. Ipo nyuzi 10 kusini mwa ikweta, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, mvua ya kutosha, joto la kutosha, mbu wa kutosha. Mdogo wangu alizaliwa ndani ya mkanda wa Burkitt. Tungeweza kuujua ugonjwa wake kwa kuangalia ramani iliyochorwa miaka mingi kabla hajazaliwa.

Kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa na utusitusi. Wangeweza kukitupa wakidhani kimeoza. Walipokitazama wakakuta utusitusi ule ni seli hai za saratani zilizokuwa zinaelea. Wakazikuza, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kipya. Kilikuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hiki karibu kila mmoja wetu anacho bila kudhurika. Kwa mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, seli zake za kinga huchochewa mno, na safari moja moja ikatokea ajali: kipande cha kromosomu namba 8 kinahamia mahali pasipo pake, na jini iitwayo MYC inakanyaga mafuta bila breki. Uvimbe wa Burkitt unaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mjomba aliporudi kutoka Lindi tulikuwa tumeshachelewa.

Nirudi kwa Burkitt. Yeye alikuwa mpasuaji, na alianza kwa kupasua, kisha akaona kisu hakisaidii. Mashine za mionzi Kampala hazikuwepo. Ndipo akajaribu dawa, kwanza methotrekseti iliyoletwa na wataalamu kutoka New York, kisha saiklofosfamaidi na vinkristini. Kwa watoto fulani dozi chache tu zilitosha: uvimbe mkubwa kama chungwa uliyeyuka kwa siku kadhaa, na baadhi yao wakapona kabisa, wakakua. Enzi zile saratani kupona kwa dawa tupu lilikuwa jambo la kushangaza.

Uvimbe uliyeyuka kwenda wapi? Burkitt mwenyewe hakuwa na jibu. Hapa nivumilieni kidogo, nivae koti la mwalimu wa Baiolojia.

Seli zetu hazikuumbwa ziishi milele. Kila siku mamilioni yanakufa kwa mpangilio, kama majani ya mkorosho yanavyopukutika bila mti kufa. Mwaka 1972 watafiti watatu waliokuwa Aberdeen, Kerr, Wyllie na Currie, walikiita kifo hiki apoptosisi. Seli ikipata ishara kwamba imeharibika, inaamsha vimeng'enya vyake vyenyewe viitwavyo kaspasi. Hivi ni protiasi, maana yake ni mapanga ya kukatia protini. Kaspasi hukatakata seli kwa ndani, vipande vikafungwa vizuri, na seli za usafi zikavila. Uvimbe wa Burkitt ukiutazama kwa hadubini unafanana na anga la usiku: giza ni seli za saratani zilizobanana, nyota ni seli za usafi zinazokula maiti. Kwa hiyo hata saratani inapokua kwa kasi, kufa nako kunaendelea. Kinachoiwezesha ishinde ni seli zile zilizojifunza kuikataa amri ya kufa. Dawa alizotoa Burkitt ziliharibu seli kiasi kwamba amri ile ikasikika upya.

Siku hizi wanasayansi wanajaribu kuigusa amri hiyo moja kwa moja, na njia mojawapo ni vizuizi vya protiasi. Jina hili linachanganya sana watu, hata mimi liliniangusha kwenye jaribio. Ukizuia kaspasi, umeyafungia mapanga sandukuni, na seli inakataa kufa. Lakini seli ina protiasi nyingine. Kuna mtambo uitwao protiasomu, unaosaga protini zilizokwisha kazi. Fikiria hosteli ambayo gari la taka limezuiwa wiki nzima. Ukiuzuia mtambo huu, uchafu unajaa, na pamoja nao zinabaki zile protini zinazoidai seli ife, ambazo saratani ilikuwa inazisaga haraka ili zisiseme. Mwishoni kaspasi zinaamka na seli inakufa. Seli za saratani, kwa kuwa zinatengeneza protini nyingi, huzidiwa mapema kuliko seli za kawaida. Dawa ya namna hii, bortezomibu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003 kwa mieloma, ndugu mwingine wa saratani za damu.

Kuna na vizuizi vya protiasi tunavyovifahamu zaidi huku kwetu, vile vilivyomo katika baadhi ya ARV, kama ritonaviri. Hivyo vilitengenezwa kuzuia protiasi ya VVU. Maabara zimeona kwamba baadhi yake pia huziua seli za saratani za damu, na nelfinaviri, dawa ya zamani ya VVU, imejaribiwa kwa wagonjwa wa mieloma pamoja na bortezomibu. Tusikimbilie kushangilia. Mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt leo bado anatibiwa kwa dawa za ukoo ule ule alioutumia Burkitt, na anayewahi ana nafasi nzuri ya kupona. Shida yetu kubwa sisi si dawa ya kesho. Ni mtoto kuifikia dawa ya juzi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alipata umaarufu wa pili, safari hii kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, kwa kuwa aliona magonjwa mengi ya utumbo ya Wazungu hayakuwasumbua wagonjwa wake wa Uganda. Wenye kubagua dona mjue hilo. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Mwaka jana nilikwenda TP katika sekondari moja Ruangwa. Kipindi cha seli, kidato cha tatu, niliweka kitabu pembeni nikawasimulia habari hizi. Baada ya kengele binti mmoja alibaki. Akaniambia, Ticha, mdogo wake nyumbani amevimba shavu. Jioni ile nilikwenda kwao. Nilimwamkia bibi yao, nikakaribishwa mkekani, nikaeleza. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mwizi. Kesho yake tukapanda pikipiki, mama na mtoto nyuma ya bodaboda moja, mimi nyingine, mpaka hospitali. Akapimwa.

Lilikuwa jino.

Usaha ulitolewa, akapewa dawa, siku ya nne mtoto anacheza. Ofisini walimu wenzangu walinicheka wiki nzima, wakanipa jina la Dakta. Nilicheka nao. Lakini nilikumbuka vile vipeperushi 1,200. Majibu mengi aliyopata Burkitt kutoka nyanda za baridi yalikuwa ya hapana, na bila hizo hapana ramani isingekuwa na mpaka, na bila mpaka asingeuona mkanda. Ile hapana ya Ruangwa mimi niliipokea kwa mikono miwili.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, bumu likiisha na vyeti vikitoka tutatawanywa Liwale, Tunduru, Kilwa, Nachingwea. Kutoka kwetu hadi wodi ya watoto wenye saratani pale Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500, na uvimbe huu hauna subira. Daktari atamwona mtoto akipelekwa. Mwalimu anamwona kila asubuhi mstarini. Shavu likivimba na wiki ya pili halijapungua, meno yakilegea bila sababu, jicho likitokeza, tumbo likijaa haraka, usiseme jino ukanyamaza. Nenda kwao, mtafute na mjomba, mwambie nauli itafutwe leo. Likiwa jino, chekeni wote.